Mwalimu, jua la Uhispania halitui saa kumi na mbili

Swali: "Daktari, nina miaka 59, nimestaafu ualimu na ninaishi Buruburu. Mtoto wangu alipokuwa mgonjwa niliweka nadhiri kwamba akipona nitatembea kwa miguu hadi kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Uhispania. Amepona. Ningependa kufika siku ya sikukuu yake, Julai 25, mwaka 2027, kwa kuwa ni Mwaka Mtakatifu. Nina siku thelathini tu. Niliwahi kutembea na wanaparokia wenzangu hadi Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, lakini wakati huo nilikuwa na miaka 41. Siku hizi magoti yananiuma nikishuka ngazi, na ninameza dawa za presha. Watu wananitisha kuhusu joto la huko. Nianzie Ufaransa kama wengi wanavyofanya? Nifanyeje mazoezi nikiwa hapa Nairobi, na nivae kiatu gani?"

Mwalimu, kwanza hongera kwa kupona kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu langu ni kwamba nadhiri hiyo inatimizika, magoti yakiwa hayo hayo na presha ikiwa hiyo hiyo. Ila haitatimizika kwa mpango ulioniandikia.

Njia nzima, ile inayoitwa Njia ya Wafaransa, inatoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela. Ni kama kilomita 780. Ukiondoa siku za ndege, treni na mapumziko katika siku zako thelathini, zinabaki ishirini na tano hivi, maana yake zaidi ya kilomita 30 kila siku bila kukosa. Tena siku ya kwanza ndiyo ya kuvuka milima ya Pyrenees: unaondoka mjini ukiwa mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi zaidi ya mita 1,400, halafu unaporomoka hadi Roncesvalles kwa mteremko unaowaumiza magoti hata vijana. Mtu anayelalamikia ngazi za nyumbani hawezi kuanzia hapo.

Anzia León. Kutoka León hadi Santiago ni kilomita 310 hivi. Ukishika njia Julai 2, ukatembea siku ishirini na kupumzika mbili, utaingia Santiago Julai 23, na wastani wako utakuwa kilomita kumi na tano na nusu kwa siku. Hapo umebakiwa na siku ya kufua, kulala na kuungama kabla ya sikukuu.

Najua kuna watakaokwambia kwamba kuanzia León ni kukata njia. Usiwasikilize. Kanisa kuu la Santiago linampa cheti cha hija, Compostela, mtu aliyetembea walau kilomita 100 za mwisho. Wewe utakuwa umetembea mara tatu ya hizo. Na zamani hapakuwa na mahali rasmi pa kuanzia: kila mhujaji alitoka mlangoni kwake. Mlango wako uko Buruburu, na safari yako ilianza siku ulipoweka nadhiri.

Kuna sababu nyingine ya kukutoa kwenye ule mpango wa kwanza. Kati ya Burgos na León kuna uwanda mkubwa wanaouita Meseta, karibu kilomita 180 za mashamba ya ngano, ambapo miti ni ya kuhesabu. Baada ya mji wa Carrión de los Condes kuna kipande cha kilomita 17 kisicho na kijiji, wala bomba, wala kivuli cha maana. Mimi nilikipita Julai, nikiwa na nguvu zangu zote, na bado nakikumbuka. Mwezi wa Mei au Septemba ningekwambia usikikose kwa lolote, maana kina ukimya ambao sijaukuta kwingine. Julai hapana.

Sasa tuje kwenye joto, na naomba hapa usome polepole, kwa sababu ndipo watu wetu wanapokosea.

Sisi tumelelewa na jua lisilobadilika. Linachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na ukimwambia Mkenya "saa nane mchana" anajua mara moja kwamba joto limefika mwisho wake na sasa litaanza kupungua. Uhispania mwezi wa Julai saa hiyo itakudanganya. León, mwanzoni mwa Julai, jua huchomoza saa moja kasorobo asubuhi na kuzama saa nne usiku. Ndiyo, saa nne usiku, wazee wakiwa wamekaa nje na watoto wakicheza mpira uwanjani. Jua la utosi si saa sita, ni karibu saa nane na nusu. Na joto la siku hufika kileleni saa kumi na moja jioni, pengine hata saa kumi na mbili, wakati ambao wewe hapa Buruburu unatafuta sweta.

Matokeo yake ni haya. Mhujaji kutoka Nairobi hutembea asubuhi, hupumzika mchana chini ya mti, kisha akiona saa kumi imefika hujiambia, "Jua limepoa, wacha nimalizie." Anainuka na kuingia katikati ya joto lenyewe. Nami nilifanya hivyo. Nilipumzika kwenye kijiji kimoja tangu saa saba, nikaondoka saa kumi na robo nikidhani nimefanya busara. Baada ya saa moja unusu chupa zilikuwa tupu, moyo unadunda masikioni, na nilijikuta nimesimama nikisoma bango moja mara tatu bila kulielewa. Mimi ni mtaalamu wa viungo na hali hiyo nilikuwa nimefundishwa darasani, lakini sikuitambua ilipokuwa mwilini mwangu. Mzee wa trekta ndiye aliyenipa maji na kunikalisha kivulini.

Kwa hiyo kanuni yako ni moja: ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na uwe umevua viatu saa sita mchana, saa saba ikizidi sana. Ukifika, safari ya siku hiyo imekwisha, hata kama miguu bado ina nguvu. Utahitaji tochi ya kuvaa kichwani kwa saa ya kwanza, maana kutakuwa giza na mishale ya manjano inayoonyesha njia huonekana kwa shida. Mishale hiyo, kama hukujua, ilianza kupakwa mwaka 1984 na padri wa parokia ya O Cebreiro, Elías Valiña, aliyezunguka na rangi akiitafuta njia ya zamani iliyokuwa imeanza kusahaulika. Utapita kanisani kwake, msalie.

Siku ya kawaida ya Julai, León hufikia nyuzi 27 au 28, na alfajiri kuna baridi ya kuvaa koti jepesi. Tatizo ni siku za wimbi la joto, ambapo nyuzi hupanda 35 na kuendelea. Na hapo tunagusa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wewe utatoka Nairobi wakati wetu wa mawingu na masweta, mchana nyuzi 21 au 22. Mapafu yako hayana shida: umezoea mita 1,700 na kule mahali pa juu kabisa ni kama mita 1,500. Ngozi na moyo ndio wageni. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili za kukutana na joto kila siku ndipo uanze kutoa jasho mapema, kutunza chumvi na kuongeza maji katika damu. Na ukikaa wiki tatu hivi bila joto, mazoea hayo hupotea.

Kama una ndugu Kilifi au Kisumu, nenda ukae kwake wiki mbili za mwisho wa Juni na utembee saa moja au saa moja na nusu kila siku. Kama huna, panda matatu hadi Kiserian, uvuke Kona Baridi, uteremke upande wa Magadi ambako joto halina msimu, utembee na wenzako mara mbili tatu kwa wiki. Usiende peke yako, na usizidishe. Kama hilo pia haliwezekani, basi siku nne za kwanza kutoka León zifanye fupi sana, kilomita kumi na mbili au kumi na tatu, mwili upate kujifunzia njiani. Bahati nzuri vijiji vinaruhusu. Ukitoka León chagua njia ya Villar de Mazarife badala ya ile inayofuata barabara kuu. Ni ya mashamba na haina malori, ingawa kivuli ni kidogo. Itakufikisha Hospital de Órbigo, kwenye daraja refu la mawe la enzi za kati, na hapo pana mahali pazuri pa kulala.

Kuhusu presha, mimi si daktari wa moyo, na sitakubadilishia dawa. Lakini lipo swali ambalo lazima umpelekee daktari wako miezi miwili kabla ya kuondoka: je, kati ya vidonge ninavyomeza kuna cha kukojoza? Vidonge vya aina hiyo hutoa maji na chumvi mwilini, na joto nalo hufanya hivyo hivyo. Vikikutana, presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka unapoinuka kwenye benchi. Daktari anaweza kupunguza kipimo kwa wiki hizo. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

La pili ni dawa za maumivu. Nimewaona mahujaji wetu, Namugongo na kule pia, wakimeza ibuprofeni au diklofenaki asubuhi na jioni kana kwamba ni peremende. Kwa mtu anayekunywa dawa za presha, aliyepungukiwa na maji, mchanganyiko huo unaweza kuumiza figo. Mwalimu, usibebe kabisa. Beba parasetamoli. Goti likiuma kiasi cha kuhitaji kingine, dawa yake ni kulala hapo hapo siku ya pili.

Maji ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea, kwa kunywa kidogo kidogo, na si lita mbili kwa mkupuo ukifika. Chemchemi na mabomba yapo vijijini. Ukiona maneno "no potable" usinywe. Nunua hapa pakiti kumi za ORS, zile zile tunazowapa watoto wakiharisha, na utumie moja siku yenye joto kali. Kunywa maji matupu kwa wingi na kutoka jasho siku nzima bila chumvi nako kunaleta kizunguzungu na kichefuchefu. Na ukimwona mwenzako, au mwenzako akikuona wewe, anaongea maneno yasiyoeleweka au anayumba, hata kama bado anatoka jasho, hiyo ni dharura: kivulini, maji mwili mzima, pepea, na simu ni 112.

Viatu. Hapa ningeweza kuandika hadi kesho, kwa sababu miguu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu wengi wanaorudi nyumbani kabla ya wakati hawarudishwi na mapafu wala umri. Wanarudishwa na malengelenge.

Lengelenge halitokani na kusugua kwa nje kama tunavyodhani. Ngozi ya juu inashikwa na soksi, mfupa ndani unaendelea kusogea kila hatua, na nyama iliyo katikati inavutwa huku na huku hadi inaachana na kujaa maji. Ngozi yenye unyevu hushikwa zaidi, na joto huleta unyevu. Kwa hiyo kiangazi adui ni jasho la mguu. Mabuti mazito ya ngozi, yale unayoshauriwa na kila mtu aliyewahi kupanda Mlima Kenya, yaache. Chukua viatu vyepesi vya kukimbilia porini, vyenye wavu juu unaopitisha hewa, visivyozuia maji. Mvua ya Galicia, jimbo la mwisho la njia hii, itakulowesha, lakini vitakauka.

Vinunue jioni, baada ya kutembea siku nzima, ukiwa umevaa soksi utakazotumia, na uchukue namba moja zaidi ya unayovaa. Mguu huvimba kwa joto, na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Ukisimama, kidole gumba cha mkono kienee kati ya kidole chako kirefu cha mguu na ncha ya kiatu. Mimi nilikwenda na namba yangu ya kawaida. Nilipofika Logroño, siku ya saba, kucha mbili zilikuwa zimegeuka nyeusi, na nilinunua viatu vipya kwa bei ambayo ingenilisha wiki nzima.

Utaniuliza kuhusu Gikomba na Toi, maana viatu vizuri vipo pale na bei ni ya mstaafu. Naomba mitumba iwe ya koti na begi, si ya kiatu cha safari hii. Ukikishika kiatu kilichotumika, bonyeza kwa kidole gumba ile sponji ya soli karibu na kisigino, kwa pembeni. Ikiwa mpya hubonyea na kurudi. Ikiwa imechoka utaiona ina mikunjo midogo kama ya uso wa mzee, na ukibonyeza ni ngumu. Soli hiyo haitalilinda goti lako. Tena imekwisha kujikunja kufuata mguu wa mtu mwingine, labda aliyekanyaga kwa ndani, na sasa itakukanyagisha hivyo kwa kilomita mia tatu.

Soksi ziwe za sufu laini, jozi tatu, zisiwe za pamba. Asubuhi kabla ya kuvaa, paka Vaseline katikati ya vidole na kwenye kisigino, usifanye ubahili. Kila baada ya saa mbili kaa chini, vua viatu na soksi, anika miguu dakika kumi, geuza soksi ndani nje. Watu watakupita. Waache wapite.

Na ukihisi mahali panapata moto, hapo hapo simama, usisubiri kijiji. Kausha pale mahali kwa leso. Kata kipande cha plasta ya kitambaa, ile ya rola, kikubwa kuliko hapo mahali kwa upana wa kidole pande zote. Kata pembe zake ziwe duara, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka na kukunjamana. Bandika kuanzia katikati ukisukuma nje, isiwe na kunyanzi hata moja, kisha isugue kwa kiganja hadi ipate joto, gundi ishike. Vaa soksi polepole. Usiibandue jioni, iache hadi ijitoe yenyewe. Kama lengelenge limeshajaa na linauma, litobolewe pembeni kwa sindano iliyosafishwa, maji yatoke, na ngozi ya juu ibaki kama kifuniko. Utawaona wanaopitisha uzi na kuuacha ndani. Wanafanya kwa nia njema, lakini uzi huo ni barabara ya vijidudu, na nimewahi kuuguza mguu uliooza kwa sababu yake.

Magoti yako yanauma kwenye kushuka, na hilo ni jambo la kawaida ambalo lina kazi yake. Paja linaposhuka hufanya kazi likiwa linarefuka, na paja la mtu aliyekaa siku nyingi huchoka haraka, kisha mzigo wote unaliangukia goti. Dawa ni kushuka. Nyumbani, simama kwenye ngazi ya chini, teremsha kisigino kimoja polepole ukihesabu hadi nne, gusa sakafu, rudi. Mara kumi kila mguu, raundi tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Anza sasa. Baada ya wiki sita nenda Ngong Hills na wenzako, mpande na kushuka vile vilima vyote bila haraka. Karura ni pazuri kwa kilomita za kawaida, tambarare na salama, na ningekuomba tangu Machi 2027 utembee huko mara tatu kwa wiki, kilomita nane, kisha kumi, kisha kumi na tano. La muhimu kuliko urefu ni siku mbili mfululizo: Jumamosi kumi na mbili, Jumapili baada ya misa kumi na mbili tena, begi likiwa mgongoni. Mwili hujifunza safari siku ya pili, unapoamka umekakamaa na unatoka hivyo hivyo.

Fimbo mbili za kutembelea ni lazima kwako, si pambo. Kwenye mteremko zirefushe kidogo, zitangulie mbele. Kuzipeleka kwenye ndege zinataka begi la kukabidhi. Ukipenda nunua León.

Begi lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Kama una kilo 70, basi kilo 7 pamoja na maji. Nguo jozi mbili, moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Na usiache leso. Nasema hivi kwa uzito wote: katika safari hiyo sikuona kifaa cha bei yoyote kilichoishinda leso. Utajifunika kichwani kwenye jua, utajikausha nayo, utaitandika kwenye godoro la bweni, utajitanda ukiingia kanisani. Ilowanishe bombani uizungushe shingoni na upepo utafanya kazi yake. Kwenye hewa kavu ya León baridi yake ni ya ajabu, ingawa Galicia, kwenye unyevu, haitasaidia sana. Mwavuli mdogo nao ubebe.

Mzigo ukikushinda, zipo gari zinazobeba mabegi kutoka kituo hadi kituo kwa euro chache. Sioni aibu yoyote hapo. Namugongo gari la parokia lilikuwa linakufuata nyuma na magodoro, na hija haikupungua. Lakini jua kwamba mengine yatakuwa tofauti na Namugongo. Hakutakuwa na kundi la kukuvuta kwa nyimbo wala msalaba mbele. Utatembea peke yako saa nyingi, kwa mwendo wako, na wengi utakaokutana nao si waumini. Wametoka kwenye msiba, au talaka, au kazi imewachosha. Jioni mnakutana mezani. Mwalimu wa miaka yote hiyo hatakosa la kuwaambia.

Mengine kwa ufupi. Viza ni ya Schengen, unaiombea kwa Uhispania, huanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari, na bima ya afya iwe ya euro 30,000 au zaidi. Mabweni ya mahujaji, yanayoitwa albergue, yanahitaji kitambulisho cha hija kinachogongwa mihuri. Kuanzia Sarria, mji ambako wengi huanzia zile kilomita 100 za mwisho, hakikisha mihuri miwili kila siku. Kagua mishono ya godoro kabla ya kulala, kunguni wapo. Maduka mengi hufungwa tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili hayafunguliwi, kwa hiyo mkate na matunda ununue mapema. Asubuhi kula kile chapati chao kinene cha mayai na viazi. Tumbo litakiona ni ndugu wa chipsi mayai.

Baada ya Astorga njia inaanza kupanda. Usilale Rabanal, sogea hadi Foncebadón, ili alfajiri utembee kilomita mbili tu na kufika Cruz de Ferro jua likichomoza. Ni msalaba mdogo wa chuma juu ya mti mrefu, na chini yake rundo la mawe yaliyoletwa na mahujaji kutoka makwao. Chukua jiwe dogo hapa nyumbani, la kuenea kiganjani, mtoto wako ndiye alichague. Baada ya hapo kuna mteremko wa mawe hadi El Acebo na kisha Molinaseca, mbaya kuliko yote utakayokutana nayo. Ugawe kwa siku mbili. Kipande hiki cha milima, kati ya Astorga na Ponferrada, kilifungwa kwa muda Agosti 2025 kwa sababu ya moto wa nyika, kwa hiyo ukiwa Astorga uliza bwenini kila jioni, na wakikwambia njia imefungwa, panda basi bila kubishana.

Kwa O Cebreiro fanya vivyo hivyo: lala Las Herrerías, chini ya mlima, upande zile kilomita nane asubuhi na mapema. Ukifika juu umeingia Galicia, na hewa itabadilika. Kuna ukungu, ng'ombe, kuta za mawe zenye kuvu, na baadaye, ukikaribia Arzúa, misitu ya mikalitusi ambayo harufu yake itakurudisha Limuru. Joto hapo si kitu cha kukuogopesha tena. Kinachokuja ni watu. Kuanzia Sarria wanaingia wale wanaotembea kilomita 100 za mwisho tu, pamoja na vikundi vya shule vyenye spika. Mwaka 2024 waliopewa cheti cha hija walikaribia 500,000, na huo haukuwa Mwaka Mtakatifu. Huo wako ni Mwaka Mtakatifu kwa kuwa Julai 25 itaangukia Jumapili, jambo lililotokea mara ya mwisho 2021. Vitanda vya kutoka Sarria hadi Santiago, na hasa vya usiku wa Julai 23, 24 na 25, viagizwe mara tu utakapojua tarehe zako, hata kabla ya kununua viatu.

Siku ya mwisho utatoka O Pedrouzo, kilomita 20 hivi. Kama ni ndefu kwako ikate, ulale Monte do Gozo, kilima ambacho mahujaji wa zamani walikuwa wakiona minara ya kanisa kutoka juu yake kwa mara ya kwanza. Ukifika mjini nenda kwanza ofisi ya mahujaji ukiwa umejiandikisha kwa simu, uchukue cheti, kisha ulale. Usiku wa Julai 24 uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa kuu, hujaa watu wa mkesha, na kesho yake mahali pa kukaa kwenye misa hupatikana kwa kupanga foleni mapema sana. Sikukuu hiyo ni kati ya siku wanazobembeza chetezo kubwa, ile Botafumeiro, yenye kilo zaidi ya 50. Begi la mgongoni halikubaliwi kuingia ndani, liache bwenini. Nenda na leso, rozari na chupa ndogo ya maji, na vaa vile vile viatu, kwa sababu foleni ya kushuka kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo ni ya kusimama muda mrefu.